Mzazi, siku yako umempa nani?



Kila Muislamu aliyesoma madrasa kwa madhehebu ya Imam Shafi, na ndio wengi wetu katika pwani hii na bara yake, amefundishwa dua ya kufungulia sala. Tumeizoea kwa jina la neno lake la kwanza, Wajjahtu. Watoto huihifadhi kabla hawajajua kusoma, na sisi wakubwa mara nyingi tunaipitia huku tukiwaza foleni ya daladala. Ndani ya dua hiyo kuna maneno yaliyotoka katika Qur'an (6:162), ambayo kwayo tunamwambia Mola wetu kwamba sala zetu ni zake, ibada zetu ni zake, na kuishi kwetu na kufa kwetu pia ni kwake.

Sala kuwa ya Allah (SW) ni jambo linalofahamika. Kufa nako hakuna wa kubishana nako. Lakini kuishi? Kuishi kwa mama mwenye watoto wanne ni kitu gani hasa, ukikutazama saa kwa saa? Ni kuwasha jiko, kukoroga uji, kutafuta soksi moja iliyopotea, kumbeba mwenye homa hadi zahanati, kuamua ugomvi wa penseli, kufua, kungojea. Kuishi kwa baba wa watoto hao ni kutoka gizani na kurudi gizani. Hayo ndiyo tunayosema kila siku, na katika kila sala, kwamba ni ya Allah. Basi tujiulize: je, tunasema kweli? Na kama ni kweli, kauli hiyo inatudai nini?

Nina sababu ya kuuliza. Katika darasa moja la akina mama baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tukizungumzia fadhila za kusimama usiku. Mama mmoja anayeuza maandazi na chapati kando ya barabara aliinua mkono, akasema:

"Ustadh, mwanangu, samahani. Mnatuhimiza tuamke usiku. Mimi naamka saa tisa kila siku ya Mungu, lakini naamka kukanda unga. Nikimaliza kuchoma maandazi imeshaadhiniwa, nasali, nawaandaa watoto, natoka. Jirani yangu ana nafasi yake, ana darasa tatu kwa wiki na uradi wake hauachi. Mimi siku yangu yote imeliwa na watoto. Sasa huyo Mwenyezi Mungu nimpe nini, na kimebaki nini?"

Wenzake wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Na swali lile ni zito kuliko linavyosikika. Ndani yake kuna dhana kwamba siku ya mzazi ina mafungu mawili, fungu la Mungu na fungu la watoto, na kwamba moja haliongezeki mpaka jingine lipungue. Dhana hii hakuibuni yeye. Sisi walimu na makhatibu ndio tunaoipanda, kila tunapozungumza kana kwamba ibada inaanzia mlangoni mwa msikiti na kuishia hapo hapo.

Tukiri pia kwamba dhana hiyo haikosi pa kushika. Qur'an inawaonya waumini wasishughulishwe na mali zao na watoto wao wakasahau kumkumbuka Allah (63:9), na inatueleza kuwa watoto ni mtihani (64:15). Mtu akisoma aya hizo peke yake anaweza kuona kwamba mtoto ni kitu kinachomvuta mzazi upande mmoja, na Mola yuko upande wa pili.

Lakini tazama yaliyompata Saad bin Abi Waqqas (RA), mmoja wa masahaba wakubwa. Aliugua sana Makka katika mwaka wa Hija ya kuaga, akadhani ndio mwisho wake. Alikuwa na mali, na wakati ule mrithi wake katika watoto alikuwa binti mmoja tu. Mtume (SAW) alipokuja kumjulia hali, Saad aliomba ruhusa atoe sadaka theluthi mbili za mali yake. Akakataliwa. Akaomba nusu. Akakataliwa. Akaruhusiwa theluthi, na hata hiyo akaambiwa kuwa ni nyingi. Kisha Mtume (SAW) akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono, na kwamba kila anachotumia kwa kutaka radhi za Allah atalipwa, hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Hebu tuitazame fikra ya Saad. Alidhani kwamba fungu la Allah ni lile linalotoka nje ya nyumba, na kinachobaki kwa binti ni fungu la dunia. Ni dhana ile ile ya mama wa maandazi, ila Saad alikuwa tajiri na huyu mama hana kitu. Mtume (SAW) hakumsifu kwa kutaka kumpunja binti yake ili ampe Mungu. Alimuonesha kwamba kile cha binti nacho kinaweza kuwa cha Mungu.

Nimesema "kinaweza", kwa sababu lipo sharti. Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Mas'ud (RA), kumtumilia mtu wa nyumbani mwako huwa sadaka pale unapofanya hivyo kwa ihtisab. Neno hilo lina mzizi mmoja na neno letu la Kiswahili "hesabu". Maana yake ni kuliweka jambo katika hesabu yako kwa Allah, ukitarajia malipo kutoka kwake. Bakuli ni lile lile, uji ni ule ule, mtoto anashiba vile vile. Tofauti iko katika daftari uliloandikia. Muadh bin Jabal (RA) alilifikisha jambo hili mbali zaidi alipozungumza na Abu Musa (RA) kule Yemen. Alieleza kuwa yeye hulala sehemu ya usiku kisha huamka kusali, na kwamba usingizi wake anautia katika hesabu kama anavyokutia kusimama kwake. Ikiwa usingizi wa Muadh umeingia daftarini, kwa nini kukanda unga saa tisa za usiku kusiingie?

Na kama bado tunaona ugumu kuamini kwamba pilikapilika za mzazi zinaweza kuwa ibada, basi tutazame ibada ambayo kila mwenye kuhiji au kufanya umra analazimika kuitekeleza. Sai, kwenda na kurudi mara saba kati ya Safa na Marwa, ilianza vipi? Bi Hajar hakupanda vilima vile akiwa na tasbihi mkononi. Alikuwa mama aliyeishiwa maji, mtoto wake Ismail analia kwa kiu mbele ya macho yake, naye anakimbia huku na huku akitazama kama yupo mtu. Ilikuwa shughuli ya mzazi, tena mzazi aliyebabaika. Allah (SW) akaifanya kuwa ibada ya umma mzima hadi Siku ya Kiyama. Mahujaji wanaotoka kwetu wanatumia mamilioni ya shilingi kwenda kufuata nyayo za mwanamke aliyekuwa akitafuta maji ya mtoto, kisha wakirudi nyumbani wanamuona mke anayebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni kuwa hana nafasi ya ibada!

Kijana mmoja wa kidato cha sita aliwahi kunipinga darasani kuhusu jambo hili, na ubishi wake ulikuwa mzuri. Alisema: "Maalim, hata kuku huchakura kwa ajili ya vifaranga vyake, na mwewe akija humrukia. Kuku ana thawabu gani? Mzazi kumpenda mwanawe ni maumbile tu." Nilimpa hadithi ya rehema mia moja za Allah (SW), ambazo moja tu kati yake ndiyo aliyoiteremsha duniani, na kwa hiyo moja hata mnyama huinua kwato yake asimkanyage mtoto wake. Maumbile basi hayakutoka hewani. Yale mapenzi yanayomuamsha mama usingizini kabla mtoto hajalia sawasawa ni mali ya mwenyewe, na nia ni kule kutambua mwenye mali ni nani. Kuku hawezi kutambua. Wewe unaweza, na unaweza pia kukataa.

Wanazuoni wa fiqhi wanasema kulipa deni, kurudisha amana na kutoa nafaqa ni mambo yanayosihi hata bila ya nia. Anayemlisha mwanawe bila kumkumbuka Mungu ametimiza wajibu wake, na hakuna kadhi wa kumdai zaidi. Lakini thawabu ni jambo jingine, hiyo huja na nia. Kwa hiyo mzazi asiyenuia si lazima awe mzazi mbaya. Ni mfanyakazi aliyefanya kazi mwezi mzima bila kusaini popote.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, maneno yangu ni matamu na pengine umeshaanza kufurahi. Sasa tuje kwenye upande mchungu, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha jambo lenyewe. Ukishasema siku hii nimempa Allah, umetoa. Na aliyetoa hadai tena.

Mke wa Imran, ambaye wafasiri wanamtaja kwa jina la Hanna, alipokuwa na mimba aliweka nadhiri kuwa kilichomo tumboni mwake ni cha Mola wake (3:35). Neno analotumia pale ni muharrar, nalo linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhuru. Wafasiri wanalieleza kuwa ni aliyeachwa huru kwa ajili ya Allah, asiyefungwa na kazi za dunia. Lichukulie neno hilo taratibu. Kumtoa mtoto kwa Mungu ni kumwacha huru, huru kwanza kutokana na mimi mzazi: na hesabu zangu, na kiburi changu mbele ya majirani, na mipango yangu ya uzeeni. Kisha akajifungua, na mtoto akawa wa kike, wakati nadhiri yake ilikuwa na taswira ya mtoto wa kiume wa kuhudumia nyumba ya ibada. Aya inayofuata inatuonesha mshangao wake. Hakuifuta nadhiri. Alimpa mtoto jina la Maryam, akamuombea kinga yeye na kizazi chake dhidi ya shetani (3:36), na Allah akampokea mapokezi mema (3:37).

Wangapi kati yetu tumeweka nadhiri za namna hii kwa taswira yetu, halafu akaja mtoto mwingine kabisa? Tulimtaka hafidhi, ametokea fundi wa pikipiki. Tulimtaka daktari, matokeo ya kidato cha nne yametoka na hana hata alama ya kuingilia chuo cha uuguzi. Tulimtaka mzungumzaji, tumepewa asiyesikia. Hapo ndipo inapojulikana siku zile tulikuwa tunampa nani. Kama nilikuwa nampa Allah, amana imefika, na malipo yangu hayategemei cheti cha mtoto. Kama nilikuwa najipa mwenyewe kupitia kwa mtoto, nitaona nimedhulumiwa, na atakayelipa deni hilo ni mtoto.

Na namna anavyolilipa tunaijua. Kiswahili kina neno lake: masimango. "Nimekubeba miezi tisa." "Nimeuza vitenge vyangu ili wewe usome." "Baba yenu nimelala na njaa kwa sababu yenu, leo mnanijibu hivi?" Tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali haipo, lakini mzazi bado ana sare, nauli, madaftari na tyusheni, na kila kimoja chaweza kugeuzwa simango wakati wa hasira. Ipo na silaha nzito zaidi, nayo ni radhi. "Sikupi radhi zangu." "Maziwa yangu uliyonyonya hayo, utayaona." Uzito wa maneno haya katika jamii yetu hauna mfano. Mtu mzima na ndevu zake hukosa usingizi kwa sababu mama yake ameyatamka, na mara nyingi kosa lenyewe ni kwamba mwezi huu hakutuma pesa, au ameoa asikochaguliwa.

Sasa tuziweke hoja mbili pamoja. Ya kwanza tumeshaiona: matumizi ya mzazi kwa familia yake, akinuia, ni sadaka. Ya pili iko katika Sura al-Baqara (2:264), ambapo waumini wanakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa masimango na udhia. Mwenye kutoa ili aonekane na watu amepigiwa mfano wa jiwe laini lenye udongo juu yake, mvua kubwa ikalipiga ikaliacha tupu, na msimangaji amefananishwa naye. Sisi aya hii tumezoea kuisoma katika habari ya maskini na ombaomba. Mimi naona, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba ikiwa kumlisha mwana ni sadaka, basi masharti ya sadaka yanamfuata mlishaji hadi ndani ya nyumba yake. Mzazi anaweza kukusanya udongo miaka ishirini juu ya jiwe lake, akauosha jioni moja kwa ulimi. Mtume (SAW) kama ilivyopokewa na Jabir (RA) katika Sahih Muslim ametukataza tusiwaombee mabaya watoto wetu, isije ikasadifu saa ambayo dua hujibiwa. Mbona katazo hili halisikiki kwenye mimbari kama zinavyosikika hadithi za haki za wazazi?

Najua nitaulizwa: "Ustadh, unataka kuwafundisha vijana kiburi?" La hasha. Kuwatendea wema wazazi ni amri iliyowekwa pamoja na amri ya kumuabudu Allah peke yake (17:23), na somo hilo nawafundisha vijana kila mwaka bila kulipunguza. Ninachosema ni kwamba amri ile ameandikiwa mwana, na mdai wake ni Allah. Mzazi hakukabidhiwa ili aitumie kama hati ya mkopo. Imepokewa kwamba Ibn Umar (RA) alimuona mtu kutoka Yemen akitufu Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni. Yule mtu akamuuliza kama ameshamlipa mama yake, akajibiwa kuwa hajalipa hata uchungu mmoja wa kuzaliwa kwake. Wazazi hupenda sana kisa hiki, na wana haki ya kukipenda. Lakini tazama kinachosema: deni hili halilipiki. Deni lisilolipika halifunguliwi daftari la madai. Aliyelipanga hivyo hakutaka liwe biashara.

Uko pia upande wa kumtumia Mungu kwa ajili yetu, na hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kuhifadhisha watoto Qur'an ni jambo tukufu, na mashindano yanayofanyika kila Ramadhani yamewapa hamasa vijana wengi. Lakini wapo wazazi ambao mtoto akikosea aya moja jukwaani, akirudi nyumbani hakuna wa kumsemesha. Mtoto wa miaka tisa analazwa na hatia kwa sababu ametuaibisha. Tumuulize mzazi huyo kwa upole: aliyeaibika ni nani? Kama mtoto alikuwa wa Allah, Allah hakuaibika. Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa anayeisoma Qur'an kwa kukwama na kwa tabu ana ujira mara mbili. Huyo mtoto alikuwa anavuna mara mbili, sisi tukamnunia.

Kwa upande mwingine wapo wanaosikia "mtoto ni wa Mungu" wakapumua, wakaona mzigo umetuliwa. Hawa kwa bahati mbaya wengi wao ni sisi akina baba. Baba anatoa pesa ya matumizi asubuhi, akipata, na kwake ulezi umekwisha. Akirudi saa tatu usiku wamelala. Jumapili yuko kijiweni. Na siku akiwa nyumbani uso uko kwenye simu. Akiambiwa mtoto ameanza utoro anasema, "Namwachia Mungu." Kumwachia Mungu namna hii ni jina zuri la kutupa. Bi Hajar alikuwa na yakini kamili kwamba Allah hatawaacha, na alimwambia Ibrahim (AS) hivyo. Ndipo akakimbia mara saba. Maryam alikuwa ameshatolewa kwa Mola wake, na bado watu walishindana na kupiga kura nani atamlea (3:44), mpaka ulezi ukamwangukia Zakariya (AS). Aliyetolewa kwa Allah aliongezewa uangalizi.

Bi Aisha (RA) aliulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Katika jibu hilo fupi hakuna mafungu mawili yanayogombana. Ni mtu mmoja, mchana mmoja, na Mola mmoja. Huyu ndiye aliyesujudu akarefusha kwa sababu mjukuu wake amempanda mgongoni, akaona asimharakishe. Na ndiye aliyekuwa akinuia kurefusha sala, akisikia kilio cha mtoto akaifupisha kwa kuuhurumia moyo wa mama yake aliye safuni nyuma. Aliyefundisha sala aliipima kwa kilio cha mtoto, nasi tunawafukuza watoto msikitini kwa makofi.

Limebaki swali moja ambalo wanafunzi wangu hulipenda kwa sababu lina fiqhi ndani yake. Je, nia hii inatosha mara moja? Mzazi aliyesema siku ya akika, "Ewe Mola, mtoto huyu na malezi yake ni kwa ajili yako," amemaliza, au kila siku inadai nia yake? Nitalijibu kwa kulinganisha na funga ya Ramadhani. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wameona nia moja mwanzoni mwa mwezi inatosha kwa funga zinazofuatana. Imam Shafi na wengine wanasema kila siku ni ibada inayojitegemea, hivyo kila usiku una nia yake. Huo ni mlinganisho tu, sitoi fatwa, lakini katika malezi mimi ni Mshafi kabisa. Aliyenuia siku ya akika alikuwa na mbuzi, wageni na mtoto mchanga anayenukia. Nia ile haikujua kwamba miaka kumi na tatu mbele kutakuwa na Jumanne ambayo mtoto huyo huyo atamfungia mlango usoni. Jumanne ile inahitaji nia yake.

Nayo haihitaji kisomo kirefu. Yule mama wa maandazi nilimwambia, anapotia mkono kwenye unga aseme moyoni, "Ewe Mola, hii ni kwa ajili yako kupitia kwa hawa ulionipa." Aliniuliza tena, kwa kuwa ni mtu wa maswali: na siku akiamka amechoka, akawagombeza wote, akakumbuka nia baadaye huku ameshafika barabarani na karai lake? Nikamkumbusha funga ya sunna. Katika madhehebu yetu mtu akiamka bila nia ya kufunga, na hajala wala kunywa chochote tangu alfajiri, anaruhusiwa kunuia mchana kabla jua halijapinduka, na funga yake ikasihi. Akauliza jua linapinduka saa ngapi. Nikamwambia kwa huku kwetu ni saa sita na kitu, adhuhuri haijaadhiniwa. Akasema kumbe muda upo, maana watoto wake wanatoka shule saa nane.

Wallahu aalam.